Jongoo Bahari Si Jongoo

Kiswahili cha pwani humpa mnyama jina kwa kumtazama juu juu. Jongoo bahari ni mrefu, mnene, anatambaa kama hana haraka na mtu, basi akaitwa jongoo. Mnyoo ni chochote chembamba, laini, kisicho na miguu. Mdudu ni karibu kila kinachotambaa, kinachouma au kinachotia kinyaa, na hata nyoka huingizwa humo. Mvuvi na mpishi hawahitaji zaidi ya hapo.

Wala si sisi peke yetu. Carl Linnaeus, Mswidi ambaye toleo la 10 la kitabu chake la mwaka 1758 ndilo msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama hadi leo, aliwagawa wanyama wote katika ngeli sita tu. Nne za kwanza zilikuwa za wanyama wenye uti wa mgongo. Ya tano, Insecta, ilibeba nzi, kaa, nge, buibui, tandu na jongoo kwa pamoja: kwa maneno mengine, mdudu. Ya sita, Vermes, ilikuwa jaa la kila kilicho laini, yaani nyungunyungu, konokono, pweza, konyeza, matumbawe na kiti cha pweza. Huyo ni mnyoo wetu, amevalishwa Kilatini.

Anayepotezwa na majina haya ni yule anayetaka kujua nani ni ndugu wa nani. Jongoo wa shambani ana pingili nyingi, na karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu yenye viungo. Amevaa ganda gumu ambalo hulivua kila anapokua. Jongoo bahari hana hata kimoja kati ya hivyo. Ndugu zake ni kiti cha pweza na yale mafundo ya miiba mirefu myeusi yanayowachoma watu nyayo. Tena ukipanda juu zaidi katika ukoo, utakuta jongoo bahari yuko karibu na binadamu kuliko alivyo karibu na jongoo. Ushahidi uko mwilini mwake, na hauhitaji maabara kubwa.

Kinachotazamwa ni mpango wa mwili. Himaya ya wanyama ina makundi makubwa zaidi ya thelathini yaitwayo faila, na kila faila ina mpango wake. Rangi haihesabiki, ukubwa hauhesabiki, wala makazi na mwendo. Kinachoulizwa ni hivi: mwili una kulia na kushoto, au umepangwa kama miale kuzunguka kitovu? Tumbo lina mlango mmoja au miwili? Kuna pingili? Kilicho kigumu kiko ndani au nje, na mnyama akikua hukifanyaje? Na yai lilipoanza kuwa kiumbe, tundu la kwanza liligeuka kuwa nini? Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nitalirudia mbele.

Shule bora ya mambo haya ni mwamba wa pwani maji yakipwa. Nchi kavu ina faila chache, bahari ina karibu zote, na faila nzima ya jongoo bahari haina spishi hata moja ya maji baridi wala ya nchi kavu. Siku za kwenda ni za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku za maji mafu utaona mchanga na mwani tu. Huko Unguja, maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na kupwa kwa asubuhi huangukia karibu saa nne hadi saa tano. Shuka saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho, ili uyafuate yanapotoka, na uanze kurudi mara yanapogeuka. Kwenye maeneo mapana kama Paje na Jambiani bahari haikujii kwa mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na mtu anayetazama mawimbi ya mbali hustuka amezungukwa.

Vaa viatu vya soli ngumu. Chukua beseni jeupe, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, na kamera. Mpige mnyama picha ya juu na ya chini pia, kwani kwa wengi wao jibu liko chini. Jiwe ulilolipindua lirudishe vilevile. Wanaoishi upande wa chini hukaushwa na jua kwa dakika chache, na mwani wa upande wa juu hufa ukilaliwa. Watu hulisahau hili kuliko jingine lolote, na ndilo linaloua zaidi. Na usiokote konokono mwenye kombe la umbo la koni, hata awe mzuri namna gani. Jino lake ni mshale wenye sumu, na kuna spishi za bahari yetu ambazo zimewahi kuua watu.

Anza na sifongo, kwa kuwa yeye ndiye asiye na mpango wowote wa kujivunia. Hana mdomo, hana tumbo, hana mishipa ya fahamu. Ni ukuta wenye vitundu vingi vidogo vya kuingizia maji na matundu machache makubwa ya kuyatolea. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa cha wavu mwembamba hadi akawa chembe zilizotawanyika majini, na chembe hizo zikatambaa, zikakusanyika, zikaunda sifongo tena. Jaribu kuwaza hilo kwa kuku. Kosa la kawaida hapa ni kumchanganya na matumbawe laini. Tazama kwa lenzi chini ya maji: ukiona vijiua vyenye minyiri minane yenye manyoya, hayo ni matumbawe. Ukiona vitundu tu, ni sifongo. Usimsugue kwa vidole, maana wengi wana vijiti vya kioo mwilini vinavyowasha siku nzima.

Matumbawe, konyeza na jamaa zao ni faila moja, Nidaria: mwili wa miale, tumbo lenye mlango mmoja, chakula huingia na makapi hutokea palepale. Kinachowatambulisha ni chembe za kuchoma, ambazo hufyatuka zikiguswa hata kama mwenyewe amekwisha kufa. Ndiyo sababu konyeza aliyelala ufukweni hapigwi teke.

Sasa minyoo. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo uainishaji unapoacha kuwa mambo ya darasani.

Chini ya jiwe utakuta kitu bapa kama karatasi, chenye rangi kali, kinachoteleza bila miguu. Wengi humwita koa wa baharini. Mtazame mgongoni: koa ana pembe mbili mbele, na mara nyingi kishada cha matamvua nyuma, naye ni jamaa wa konokono. Asipokuwa na hivyo, na wembamba wake ni wa karatasi kweli, ni mnyoo bapa. Ubapa wake si urembo. Hana damu inayozunguka wala kiungo cha kupumulia, kwa hiyo kila chembe ya mwili lazima iwe karibu na ngozi ili ipate oksijeni. Akinenepa, chembe za katikati zinakosa hewa. Tumbo lake pia lina mlango mmoja tu, chini ya mwili, na limetawanyika matawi ili chakula kifike kila pembe. Katika faila hiihii wamo tegu, ambaye ameachana na tumbo kabisa na hufyonza chakula kupitia ngozi, na mnyoo wa kichocho.

Mnyoo wa duara ni mtu mwingine. Ni mviringo kama uzi, ana mdomo mbele na tundu la haja nyuma, na amevaa ngozi ngumu anayoivua mara nne kabla ya kukomaa. Hana misuli ya kuzunguka mwili, ana ya urefu tu, ndiyo maana hawezi kujifinya na kujinyoosha kama nyungunyungu. Hujipinda huku na huku kama mjeledi. Askarisi wa tumboni, na minyoo inayoleta safura, matende na usubi, wote ni wa kundi hili.

Halafu nyungunyungu: pingili, damu nyekundu katika mishipa iliyofungwa, na nywele ngumu ndogo kila pingili. Mpitishe juu ya karatasi kavu utazisikia zikikwaruza. Mruba ni nduguye.

Hao ni watatu, wa faila tatu, na Kiswahili kinawaita wote minyoo. Tofauti inaonekana kwenye dawa. Prazikwanteli humuua mnyoo wa kichocho na tegu, lakini haina kazi kwa safura. Albendazoli huwaondoa minyoo ya duara ya tumboni, lakini haiponyi kichocho. Kwa hiyo wanafunzi wanapopewa vidonge vya aina mbili shuleni, si kurudia dawa, ni kuwapiga maadui wawili wasiofanana hata kwa mbali. Anayesema "nimeshameza dawa ya minyoo" kisha akakojoa damu hakudanganywa na mhudumu. Amedanganywa na neno minyoo. Ya kumeza na kipimo chake aulizwe mtu wa afya, si blogu.

Kuna dawa ya tatu inayochekesha zaidi. Ivamektini hutumika dhidi ya matende na usubi, ambayo huletwa na minyoo ya duara, na pia dhidi ya upele, ambao unaletwa na utitiri mwenye miguu minane. Kwa kichocho haifai. Kufanya kazi kwa dawa peke yake si cheti cha undugu, lakini mwaka 1997 utafiti wa jeni uliofanywa na Anna Marie Aguinaldo na wenzake uliwaweka minyoo ya duara na wanyama wenye miguu ya viungo katika ukoo mmoja mkubwa, ukoo wa wanaojivua ngozi. Kabla ya hapo, tangu enzi za Mfaransa Georges Cuvier mwanzoni mwa karne ya 19, iliaminika kwamba jongoo na nyungunyungu ni ndugu kwa sababu wote wana pingili. Hilo limekufa. Nyungunyungu yuko karibu na konokono kuliko na jongoo. Vitabu vingi vya shule bado vinapanga kwa mtindo wa zamani, kwa hiyo mwanafunzi asishangae akikuta mpangilio tofauti mahali pengine.

Wenye miguu ya viungo, Arithropoda, ndio wengi kuliko wote. Spishi za wadudu zilizokwisha kupewa majina zinakaribia milioni moja. Hapa kazi ni kuhesabu miguu: mdudu halisi sita, buibui na nge na kupe minane, kaa na kamba kumi pamoja na magando. Tandu ana jozi moja kila pingili, na idadi ya jozi hizo kwa tandu mkubwa huwa witiri daima. Ni rahisi kusema, na ni rahisi kukosea. Kamba ana vijiguu vingine laini chini ya mkia, vya kuogelea. Ukivihesabu utapata ishirini. Kiwavi ana miguu sita halisi mbele, na nyuma ana vinyama vinavyofanana na miguu lakini havina viungo. Nge ana magando mawili ambayo si miguu, ni viungo vya mdomoni.

Na kupe, ambaye ni mtego mkubwa, maana akitoka kwenye yai ana miguu sita. Mfugaji akiona vidudu vidogo vya miguu sita sikioni mwa ng'ombe anaweza kudhani ni wadudu wengine. Jozi ya nne ya miguu huja baada ya kujivua mara ya kwanza, akiwa tunutu. Jambo hili lina uzito zizini, kwa kuwa vijidudu vya ndigana kali havirithishwi kupitia yai la kupe. Kupe wa miguu sita hajawahi kunyonya ng'ombe mwingine kabla ya huyo, kwa hiyo hana cha kuambukiza. Huichukua ndigana kutoka kwa ng'ombe mgonjwa, akajivua, kisha akaipeleka kwa ng'ombe mwingine akiwa na miguu minane. Anayeahirisha kuogesha kwa sababu "hawa bado wadogo" anawaachia wapate muda wa kujivua.

Moluska nitapita haraka. Kauri, chaza na pweza wanaonekana kama wageni wa miji mitatu, lakini mpango ni mmoja: mguu wa misuli, mfuko wa matumbo, na vazi la nyama linalofunika na, kwa wengi, kutengeneza kombe. Mguu wa konokono wa kutambalia ndio huohuo uliogeuka kuwa minyiri minane ya pweza. Mpasue pweza jikoni utakuta kitu kama mdomo wa kasuku, na ndani yake ulimi wenye safu za meno, sawasawa na wa konokono. Mioyo yake ni mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma.

Yale magamba meupe makali yanayokata miguu kwenye mwamba na kulemea chini ya mashua, hata Cuvier aliyaweka pamoja na konokono na chaza. Kosa hilo lilifichuliwa mwaka 1830 na John Vaughan Thompson, aliyewatazama watoto wao: wanaogelea, wana miguu ya viungo, ni jamaa za kamba na kaa. Mkubwa hujigandisha kwa kichwa kwenye jiwe, akajijengea nyumba, na kuanzia hapo hutumia miguu kupepea chakula kiingie mdomoni. Yafunike maji kwenye beseni, subiri dakika chache bila kutikisa, utaiona miguu yenyewe ikitoka kama unyoya.

Turudi kwa jongoo bahari. Kiti cha pweza ana mikono mitano, na mpira wa miiba ukikauka na kupukutika miiba unabaki na nakshi za safu tano. Hii ni Ekinodermata, faila ya tano-tano. Sasa mchukue mpira huo, uuvute urefuke, uulaze ubavu, uulainishe ngozi: huyo ndiye jongoo bahari. Yule wa kupikwa akikatwa katikati kama mkate, ukutani mwa ndani huonekana mikanda mitano ya misuli. Vijiguu vyake ni vifyonzi vinavyosukumwa kwa maji, havina kiungo hata kimoja. Hupumua kwa kuvuta maji kupitia tundu la haja, na kuna samaki mwembamba anayeingia na kutoka kwa mlango huohuo. Akikamatwa vibaya baadhi hutema nyuzi nyeupe zinazonata kuliko gundi, na wengine hutoa matumbo yao yote. Humwagiwi kwa ubaya, umemtia hofu. Matumbo yataota tena ukimrudisha salama.

Ngozi laini ile imejaa mifupa midogo ya chokaa isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo siri ya kumtambua hata aliyechemshwa na kukaushwa tayari kwa kusafirishwa. Kata kipande cha ngozi cha ukubwa wa punje ya mchele, kiweke juu ya kioo cha hadubini, dondoshea tone moja au mawili ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Subiri hadi nyama iyeyuke, kwa kawaida dakika tano hadi ishirini. Kipande kikavu kiloweke kwanza. Ondoa klorini kwa tone la maji na kona ya karatasi laini, mara tatu au nne, vinginevyo chumvi itaganda na kuziba kila kitu. Tazama kwa ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Jongoo mchanga, yaani yule wa mchangani anayefugwa Zanzibar, ataonyesha vimeza na vifungo vyenye vinundu. Usitumie siki wala ndimu, kwa sababu tindikali inakula chokaa na utabaki na kioo kitupu. Siki ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu. Sampuli iliyokaa muda mrefu kwenye fomalini isiyorekebishwa ukali wake pia huja bila mifupa, kwa sababu hiyohiyo. Ihifadhi kwenye alkoholi ya asilimia 70, au 95 kama jeni zitapimwa. Na kabla ya kuchukua yeyote akiwa hai, kibali.

Sasa lile swali gumu. Yai lililorutubishwa hugawanyika hadi kuwa mpira, na mpira hubonyea mahali pamoja. Kwa kawaida, kwa konokono, nyungunyungu na jongoo, kibonyeo hicho huhusiana na mdomo. Kwa jongoo bahari na kwa binadamu huwa tundu la haja, na mdomo hutoboka baadaye upande wa pili. Mwaustria Karl Grobben alizipa pande hizi mbili majina mwaka 1908. Kanuni yenyewe ina walioiasi, ila jeni zimeuthibitisha ukoo: upande wetu wapo Ekinodermata, jamaa wachache wasiojulikana sana, na Kodata, ambao ni sisi.

Ndani ya Kodata majina ya umbo yanaendelea kutucheza. Samaki si kundi moja la ukoo: kamongo wa Ziwa Victoria, na silikanti aliyevuliwa Malindi mwaka 2001 na Tanga tangu 2003, wana mapezi yenye shina la mfupa kama mkono, nao wako karibu nasi kuliko walivyo karibu na changu. Mamba ana moyo wa vyumba vinne kama kuku, na undugu wake wa karibu uko kwa kuku, si kwa mjusi. Pimbi wa mawe, ambaye ungemdhania panya mnene, ni wa ukoo mmoja na tembo na nguva.

Lakini Kodata wa ajabu kuliko wote yuko palepale mwambani, na wengi humkanyaga wakidhani ni sifongo. Ni mfuko mdogo wa ngozi, hana macho, hana kichwa, hatoki alipo. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alimfuatilia tangu akiwa yai, akakuta mtoto wake ni kama kiluwiluwi: ana mkia, ana uzi wa fahamu mgongoni, na chini ya uzi huo ana notokodi, ule ufito ambao kwa kiinitete cha binadamu hutangulia uti wa mgongo. Huogelea muda mfupi, hujibandika jiweni kwa kichwa, akaufyonza mkia na ufito wake. Kumtofautisha na sifongo, mbonyeze taratibu kwa kidole. Sifongo hujikamua maji kila upande. Huyu hujifinya mwenyewe, akarusha maji kupitia matundu mawili tu, wakati mwingine hadi usoni.